Siku Mia Moja Arobaini na Mbili za Hali Shwari

Benchi hilo lilikuwa la zahanati kabla ya kuwa la kijiwe. Zahanati ilipoleta viti vipya, kinyozi alilibeba mgongoni akaliweka mbele ya kibanda chake, pale njia mbili zinapokutana, na tangu siku hiyo wagonjwa wake wamekuwa wale wale. Wa kwanza ni kinyozi mwenyewe, aitwaye Redio, kwa kuwa hazimiki, hupunguzwa sauti tu. Wa pili ni karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, aitwaye Mhuri, ambaye hakubali kwamba mvua imenyesha mpaka aione kwenye barua. Wa tatu ni fundi viatu, Soli, ambaye haketi kwenye benchi bali kwenye kigoda chake mwenyewe, kando kidogo, misumari mdomoni. Kahawa huuzwa na mama mmoja mwenye birika kubwa na uvumilivu mdogo. Wao humwita Mama Birika. Wa nne ni mzee wa miaka sitini na sita aliyelinda lango la kiwanda cha sabuni kwa miaka thelathini na moja. Walimwita Kamanda, ingawa hakuwahi kumwongoza askari hata mmoja; aliongoza lango. Asubuhi ya tarehe ishirini na tano, mwezi wa sita, saa mbili na nusu, Kamanda alifika akiwa na daftari jekundu kwapani, akaketi bila kuegemea.

— Leo umekuja na hati ya nyumba? aliuliza Redio, huku akikung'uta taulo.

— Daftari.

— La nini?

— La mama.

Hapo hata nyundo ya Soli ilinyamaza. Kijiwe kizima kilijua habari za mama, yaani mke wa Kamanda. Aliondoka tarehe tatu ya mwezi wa pili kwenda kumlea binti yao aliyejifungua, akasema anakwenda mwezi mmoja. Mtoto akakaza shingo, akajigeuza, akaanza kukaa, na bibi yake bado yuko huko huko.

— Amelitaka? aliuliza Mama Birika, akimmiminia kikombe.

— Amelitaka. Leo saa nne.

Kamanda hakuwa mtu wa kueleza, lakini siku hiyo alieleza, kwa sentensi fupi fupi kama mtu anayetoa maelezo kituoni. Asubuhi ya kuondoka, mama alimwekea daftari hilo mikononi, mkoba ukiwa tayari begani. Akasema: “Nimeishi na wewe miaka thelathini na nne, na sijui siku yako inapitaje. Mimi nikiongea, wewe unaitikia. Andika. Kila siku, japo mistari mitatu. Nitasoma, ndipo nitajua kama nina mtu wa kumrudia.” Na jana jioni alipiga simu. Wifi wa binti yao yuko mjini kununua vifaranga. Atapita hapo kijiweni saa nne kamili. Mpe daftari.

— Kwa hiyo akisoma asipoona mtu, harudi, alisema Soli.

— Ndivyo alivyosema.

— Na wewe umeandika?

— Kila siku. Sijaruka hata moja.

Redio alilivuta daftari kabla hajaruhusiwa. Alisafisha koo kama anayesoma taarifa ya habari.

— “Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Saa kumi na mbili asubuhi, maji yametoka bombani. Saa saba mchana, jua kali. Saa kumi na mbili jioni, hali shwari. Sahihi.” Haya. “Tarehe kumi na tano. Saa kumi na mbili asubuhi, maji hayakutoka. Saa kumi na mbili jioni, hali shwari. Sahihi.” Kamanda!

— Naam.

— “Tarehe mbili, mwezi wa nne. Saa tatu na dakika kumi, paka wa jirani amepita ukutani akielekea mashariki. Hali shwari.” Kamanda, huyu paka ndiye atakayemrudisha mama?

— Alipita kweli.

— Hakuna anayebisha kwamba alipita!

— Ngoja, ngoja, alisema Mhuri, akivaa miwani yake iliyofungwa uzi. — Tusimlaumu. Kuandika kila siku si mchezo. Mimi nina shajara ishirini na mbili nyumbani.

— Ishirini na mbili! Redio alishangaa. — Unaandika nini humo?

— Zote zinaishia tarehe tisa Januari.

Mama Birika alicheka mpaka birika likatikisika. Mhuri hakutetereka.

— Chekeni. Lakini wahenga walisema, dau la mnyonge haliendi joshi. Maana yake, anayeandika polepole, polepole, hafiki hata Februari. Kamanda amefika Juni. Kosa lake ni moja tu: hakuweka kumbukumbu namba. Shajara isiyo na namba ya jalada ni kama mtoto asiye na cheti, unaweza kumpenda lakini humpeleki popote. Mama atatafuta nini humo, wakati hamna faharasa?

— Faharasa ya paka? aliuliza Redio. — Sikilizeni mimi, nimewanyoa waandishi. Shajara huandikwa kabla mtu hajapiga mswaki. Ukishafungua mdomo tu, maneno mazuri ya usiku yanatoka na povu, yanabaki haya ya bomba. Na iwe Jumatatu. Ukianza Jumatano, umeanzia katikati, hujui ulikotoka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi ndiye ninayezifagia. Ninajua.

— Uongo mtupu, alisema Soli. Alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga juu ya goti. — Mkono haukumbuki kitu. Mguu ndio unakumbuka. Nipe kiatu cha mtu, nitakusomea mwaka wake mzima: hapa alisimama akangoja, hapa alirudi nyuma, hapa aliona aibu kuingia. Kamanda, acha daftari. Mpelekee mama viatu vyako.

— Viatu!

— Viatu. Kiatu chake cha kushoto kimelika kisigino tangu mwezi wa pili. Nimekitia raba mara tatu. Mtu anayekwenda sokoni na kurudi hamalizi kisigino namna ile. Ile ni ya kusimama mlangoni na kugeuka.

Kamanda aliirudisha miguu yake chini ya benchi.

Alikunywa funda moja. Kahawa ilikuwa chungu kuliko ya nyumbani. Mama alizoea kuipika na kipande cha tangawizi, na kwa miezi hii yote yeye alikuwa akinunua tangawizi, ikikauka sahanini, akinunua nyingine. Hilo hakuliandika. Hakujua liandikwe saa ngapi. Vivyo hivyo hakuandika kwamba mama alikuwa na desturi ya kuongea peke yake akifua, maneno yanapanda na kushuka na maji, na kwamba sasa ikifika Jumamosi yeye hufungua bomba la uani kidogo, ndoo ikijaa, akakaa karibu nayo.

— Lakini Kamanda, alisema Mama Birika, safari hii kwa upole, — kwani ilikushinda nini kuandika “nimekukumbuka”? Neno moja tu. Hata mtoto wa shule analiweza.

— Nilijaribu.

— Ikawaje?

— Kila kitu kwenye kitabu cha lango kina saa. Saa ya kuanza na saa ya kwisha. Nikaandika saa ya kuanza: saa moja na dakika arobaini asubuhi, tarehe tatu, mwezi wa pili. Nikangoja niandike saa ya kwisha.

— Halafu?

— Bado nangoja. Nikaona ni tukio lisilokamilika. Sikulitia sahihi, nikalikata.

Kisha Redio, ambaye hawezi kuvumilia ukimya unaozidi unyoaji wa kidevu, alipiga makofi.

— Basi! Tuna saa nzima. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na haraka haraka ina baraka zake. Tunaliandika upya!

— Haina baraka, alisahihisha Mhuri.

— Leo inayo. Kamanda, shika kalamu. Kila baada ya kurasa kumi kuna nafasi chini. Tunatia maneno. Hapa andika: “Leo nimeanguka uani kwa mawazo.”

— Sikuanguka.

— Ulikaribia. Hapa: “Leo mwizi ameingia, nikamwambia, chukua vyote, mke wangu hayupo, vina faida gani.”

— Mwizi hajaingia. Ningemwandika.

— Wino utawaumbua, alisema Mhuri, ambaye sasa alikuwa ameingia kazini kwelikweli. — Ofisi ya ardhi nimeona mengi. Wino wa siku moja hujulikana. Tutumie kalamu tatu, ya bluu, nyeusi, na moja inayokaribia kwisha. Ukurasa wa sitini tuumwagie kahawa kidogo. Ukurasa wa themanini tuuloweshe matone mawili ya maji, ukauke, uonekane umeliliwa.

— Matone matatu, alisema Soli. — Mawili ni kama mafua.

— Na mwisho kabisa, Redio alipanda juu ya benchi, — tunaandika kwamba daktari amempa miezi mitatu!

— Miezi mitatu ya nini? aliuliza Kamanda.

— Ya kuishi! Mama atapanda hata pikipiki!

— Nyie! Mama Birika aliweka birika chini. — Hakuna hata mmoja hapa aliyewahi kumwambia mkewe amependeza bila kuulizwa, na leo mmekuwa mafundi wa mapenzi. Huyo mama akija akimkuta mzima?

— Atafurahi! alisema Redio. — Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi asiye na maradhi, uzima utamwumbua.

Lakini ukweli ni kwamba Kamanda alikuwa ameishika kalamu. Alifungua ukurasa wa kumi. Nafasi ilikuwepo, chini ya sahihi, pana vya kutosha mstari mmoja. Hakufikiria mwizi wala daktari. Alifikiria jikoni kulivyo saa hizo za jioni, taa ikiwa imewashwa na hakuna anayemwambia aizime. Alifikiria kwamba kitabu hiki, jinsi kilivyo, kinampelekea mkewe picha ya mzee wa bomba na paka tu, na kwamba mama atakifunga, ataguna, ataendelea kumpakata mjukuu. Ncha ya kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kuandika kitu ambacho hakikutokea.

Honi ikalia. Saa nne kasoro dakika kumi.

Gari dogo la mizigo lilisimama kando ya njia, nyuma limejaa maboksi yenye matundu, na maboksi yote yalikuwa yakilia. Alishuka mwanamke wa miaka kama thelathini, kaniki imefungwa kiunoni, mikono ina vumbi la pumba.

— Shikamoo baba. Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Kamanda, akasimama. — Hawajambo huko?

— Hawajambo. Mtoto ana meno mawili. Mama anakusalimu. Mimi sikai, baba, nina vifaranga mia nne na jua linapanda. Daftari ndilo hilo?

— Bado kidogo! alisema Redio. — Tunalimalizia. Kunywa kahawa, wifi.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Birika, akipindua birika. Yakatoka machicha tu.

Wifi alichukua daftari mkononi mwa Kamanda, polepole, kama mtu anayepokea kitu cha moto, akalifungua. Alisoma akiwa amesimama. Akafungua pengine, akasoma. Akarudi mwanzo. Redio alimtazama usoni akingoja kicheko, lakini hakikuja.

— Baba, alisema. — Hii iliyo juu, kwenye kila ukurasa. “Waliotoka, hawajarudi: mmoja.” Ndiyo nini?

Redio aliinama kutazama. Alikuwa ameusoma ukurasa baada ya ukurasa na mstari huo hakuuona. Alidhani ni kichwa kilichochapwa na waliotengeneza daftari.

— Ni utaratibu wa kazi, alisema Kamanda. — Mtu akitoka langoni, unamwandika. Unamwuliza anarudi lini, unaandika. Zamu ikiisha naye hajarudi, huwezi kumwacha kwenye ukurasa wa nyuma. Unamhamishia juu ya ukurasa mpya, ili zamu inayofuata ijue kuna mtu nje. Unamhamisha mpaka arudi.

— Kila siku?

— Kila siku.

— Umemhamisha siku mia moja arobaini na mbili, alisema Wifi, akihesabu miezi kwa vidole.

— Na leo. Nimekwisha fungua ukurasa wa leo.

Wifi alifunga daftari, kidole chake kikiwa ndani. Vifaranga walikuwa wakilia kama mvua juu ya bati.

— Sasa baba, nikuulize, maana mimi lango silijui. Pale kiwandani, mtu mmoja akiwa nje, hajarudi, mlikuwa mnaandika hali shwari?

Lilikuwa swali dogo. Mhuri alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua. Soli alianza kusema wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa wamesema kitu.

Kamanda aliketi.

Jibu alilijua. Hata mlinzi wa siku ya kwanza analijua. Mtu akiwa nje, huandiki hali shwari. Unaandika lindo wazi, na msimamizi anakuja. Mwaka wake wa kumi na mbili kazini, yeye mwenyewe alimripoti mwenzake wa zamu aliyeandika hali shwari ilhali lori moja halijarudi. Lori lilirudi salama kesho yake, na bado mwenzake aliachishwa kazi, na Kamanda aliona ni haki.

— Hapana, alisema. — Hatukuandika hivyo. Ni kosa.

— Ah, kosa dogo, alisema Redio.

— Nimekidanganya kitabu. Mara mia moja arobaini na mbili. Na sahihi nimetia.

Alilichukua daftari, akaliweka gotini, akafungua ukurasa wa kwanza. Kitabu cha lango hakifutwi kwa mpira wala hakichanwi. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja, ulionyooka, ili lililokosewa libaki likisomeka, lililo sahihi huandikwa juu yake, kisha sahihi. Alikata maneno “hali shwari” ya tarehe tatu, mwezi wa pili. Akaandika juu yake, “lindo wazi.” Akatia sahihi. Akafungua wa pili.

Kijiwe kilimtazama mpaka ukurasa wa sita. Mkono haukuwa na haraka. Mama Birika alijifuta jicho kwa ncha ya khanga, akadai ni moshi, ingawa jiko lilikuwa limezimwa.

— Baba, alisema Wifi. — Naona aibu kukuharakisha, lakini vifaranga watanifia. Nipe hivyo hivyo. Ataelewa.

— Kitabu chenye kosa hakikabidhiwi.

— Sasa tufanyeje?

Kamanda alitazama gari. Alitazama njia iendayo nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka pembeni, lango la mabati ya kijani. Siku zote hizo walipomwuliza kwa nini asimfuate mkewe, alijibu kwamba lindo haliachwi.

— Gari lina nafasi? aliuliza.

Wifi alimtazama kwanza kuhakikisha kwamba ni yeye aliyesema.

— Mbele ipo. Ila utapakata boksi moja, baba. Nyuma kumejaa.

— Boksi ni bapa juu?

— Bapa.

— Basi nitaandikia juu yake.

Redio alishuka kwenye benchi bila kujua alishuka lini. — Hivi hivi? Bila hata begi? Bila kunyoa? Kaa dakika tano nikutie wembe!

— Ananijua hivi hivi.

Kamanda alitoa funguo mbili mfukoni, moja ya lango na moja ya mlango, akamkabidhi Soli. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akaandika: “Saa nne na dakika tatu. Funguo mbili, zimepokelewa na fundi viatu.” Akampa kalamu.

— Nami nitie sahihi? aliuliza Soli.

— Umepokea au hujapokea?

Soli alijifuta gundi vidoleni, akatia sahihi. Mhuri alisogea akanong'ona kwamba bila mhuri karatasi hiyo haina nguvu yoyote kisheria; Mama Birika alimkanyaga mguu.

Ndani ya gari kulikuwa na harufu ya pumba na joto la viumbe wadogo wengi. Boksi alilopakatishwa lilitetemeka juu ya mapaja yake kama kitu kimoja chenye moyo. Aliweka daftari juu. Kurasa za kukata zilikuwa zimebaki mia moja thelathini na sita, na safari ni ya saa tano. Alipiga hesabu, akaona zitatosha. Lakini kwanza alifungua ukurasa wa leo. Pale juu, alipokuwa ameandika alfajiri kwa mkono wa mazoea, alikata neno la mwisho kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake: wawili. Akatia sahihi. Kisha akajaza safu ya saa ya kutoka.

Wifi aliwasha gari. Likasogea, likapita benchi, na Redio akalikimbilia hatua kadhaa, taulo begani, mkono umeshika ukingo wa dirisha.

— Kamanda! Unarudi lini?

Kamanda alikuwa amewauliza watu swali hilo kwa miaka thelathini na moja: madereva, mafundi, wakurugenzi, waliokwenda kuzika na waliokwenda kuoa. Wote walimjibu, hata waliomdanganya. Kamanda alitazama safu ya mwisho, ya saa ya kurudi, nyeupe, kalamu ikiwa juu yake, boksi likilia chini ya mkono wake. Akageuka kumtazama Redio, naye Redio alikuwa amekwisha achia dirisha; safu ikabaki nyeupe.